Panga Lilikuwa Bado Chini

Mnazi hauna tawi. Ukiteleza kwenye mwembe una pa kudaka, na mkorosho hata mtoto anaupanda kwa kurukia. Mnazi ni shina tupu kutoka ardhini mpaka shingoni, halafu ghafla makuti. Aliye chini akimwona mkwezi amefika shingoni husema, "Huyo ameshafika." Sisi tunaoifanya kazi hii tunajua kuwa hapo ndipo penyewe. Kutoka kwenye shina kuingia kwenye makuti lazima uachie ulichokwisha kukizoea ukashike usichokijua, na kwa kitambo kidogo mikono haiko huku wala haiko kule. Wakwezi ninaowajua walioanguka, wengi wao walianguka wakihama.

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Nimekulia chini ya minazi ya babu upande wa Mtongwe, na kazi ya kukwea ndiyo inayonilisha. Wateja wangu wengi siku hizi wako ng'ambo ya kisiwa: Nyali, Bamburi, Shanzu, kwenye majumba na hoteli ndogo zinazotaka nazi ziangushwe kabla hazijamwangukia mgeni aliyelala kivulini. Madafu wanayachukua wenye mikokoteni, makuti makavu wanayachukua wasukaji wa mapaa, na mimi nalipwa kwa mti. Hilo la kulipwa kwa mti nitalirudia, maana lina mambo yake.

Yaliyonipata yalinipata Bamburi, lakini siwezi kuyaeleza bila kuanza na mwamu wangu. Kilichoniokoa kilitoka kwake, na yeye alikipata kwenye uwindaji wa kulungu.

Mwamu ni mume wa dada yangu, mzaliwa wa Kibokoni, na ameishi jimbo la Wisconsin huko Marekani miaka mingi. Alipokuja likizo tulikuwa tukikaa barazani baada ya Isha, na wazee walimwuliza sana habari za kuwinda. Si ajabu, kwani hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na wengi wetu hatujapata kuonana na mtu anayewinda kwa kibali cha serikali. Kule, alisema, ni jambo la watu wa kawaida. Mwalimu anawinda, fundi bomba anawinda, kila mmoja na leseni yake. Msimu wa bunduki ni siku 9, unaanza Jumamosi ya kabla ya sikukuu yao ya Shukrani mwezi wa Novemba, na sheria inamtaka mwindaji avae nguo ya rangi inayong'aa, ya chungwa au ya waridi, mwenziwe asije akamdhania mnyama. Nyama mwamu anaila yeye na jamaa zake, na hafyatui kabla ya kupiga bismillahi.

Wengi wao hawamfuati mnyama kwa miguu. Wanapanda mtini kwenye dungu na kumngoja. Dungu lenyewe ni bamba la chuma la kukanyagia na kiti kidogo, vimefungwa kwenye shina kwa mikanda, mita 5 au 6 kutoka chini. Kulungu ana pua kali, na mtu akiwa juu harufu yake aghalabu hupita juu ya mnyama. Tena kulungu hutafuta hatari usawa wa macho yake, haangalii sana juu. Na risasi inayopigwa kutoka juu huishia ardhini, haiendi kumtafuta mtu wa mbali. Nilimsikiliza kwa makini, kwa sababu nilikuwa namsikia mtu wa kazi moja na mimi.

Kisha akasimulia lake. Aliingia msituni alfajiri, giza lingali zito, baridi imegandisha maji kwenye vipago vya ngazi. Dungu lilikuwa la mwenyeji wake na lilikuwa limekaa mtini misimu kadhaa. Mkanda mmoja ulikuwa umechakaa kwa jua na mvua, na kindi walikuwa wameutafuna upande wa nyuma usioonekana mpaka ubaki nyuzi. Ngazini alikuwa salama. Alipotoa mguu kwenye ngazi na kuuweka juu ya bamba, bamba likainama upande mmoja, naye akaenda nalo.

"Hanesi ndiyo iliyonidaka," alisema. Hanesi ni ile mishipi inayozunguka mapaja, kifua na mabega. Ilikuwa imeungwa na kamba iliyofungwa mtini juu ya kichwa chake kabla mguu wake haujaiacha ngazi. Bunduki haikuwa naye. Ilikuwa chini, haina risasi ndani, imefungwa kwenye kamba ya kuivutia. Ndivyo wanavyofundishwa: mtu hupanda kwanza mikono mitupu, akishakaa na kujifunga ndipo anaivuta silaha, mdomo wake ukielekea ardhini.

Mzee mmoja akasema alhamdulillahi, akidhani kisa kimekwisha. Mwamu akatikisa kichwa. "Bado, ami. Kamba iliniokoa na kuanguka, kisha kamba hiyo hiyo ikataka kuniua." Akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mkwezi yeyote. Mtu akining'inia kwenye mishipi bila kusogea, damu huteremka miguuni ikakaa huko. Kwa kawaida misuli ya miguu ndiyo inayosaidia kuirudisha moyoni kila tunapotembea, na aliyening'inia hatembei. Mishipi ya mapajani nayo inabana. Kwanza huja ganzi, kisha kichefuchefu na kizunguzungu, kisha mtu anazimia, na anayezimia akiwa amesimamishwa wima na mishipi anaweza kufa pale pale mtini, bila jeraha lolote, na si baada ya muda mrefu. Mwamu alikuwa na mkanda mdogo mfukoni, aliufanya kitanzi akaukanyaga, akawa anasimama na kuinama, anasimama na kuinama, mpaka mwenziwe aliyempigia simu akafika na ngazi.

Aliporudi Marekani alinitumia hanesi mpya, mkanda wa kuzungushia mti, na kile kitanzi cha mguu.

Nilipoionyesha mtaani, mkwezi mmoja mkubwa wangu kwa umri, mtu ninayemheshimu kwa kazi yake, alisema babu zetu walikwea bila hayo. Ni kweli, walikwea. Lakini mitaa yetu pia ina watu waliolala kitandani miaka kwa ajili ya mgongo uliovunjika, na watoto wao waliacha shule wakaenda kubeba mizigo Kongowea. Hao hawasimuliwi tunapowasimulia mababu. Mimi nimekaa na mmoja wao, nimemgeuza ubavu pale mke wake alipokuwa amechoka, na tangu siku hiyo sina subira na mtu anayesema kujifunga ni woga.

Sikuipeleka hanesi kazini mara moja. Niliizoea kwanza kwenye mnazi mfupi nyumbani, mimi na binamu yangu anayenisaidia chini. Mnazi una shida yake ambayo mti wa mwindaji hauna: juu ya kichwa hapana pa kufunga mpaka ufike. Kwa hiyo napanda na mkanda wa kwanza unaozunguka shina na kiuno, nausogeza juu kila ninapopanda vidato, zile ngazi zilizochongwa shinani. Nikifika shingoni, kabla sijagusa kuti lolote, nazungusha mkanda wa pili kwenye shina na kuukaza kwa nguvu zangu zote, na huo ndio unaoungwa na hanesi mgongoni. Ndipo naufungua ule wa kwanza, ndipo nahama. Hakuna hata sekunde moja ambayo sijafungwa na kitu. Binamu alinitaka niachie mikono nikiwa nusu mita tu kutoka chini, nione kunavyokuwa. Nikaachia. Nakuomba wewe unayesoma, kama utanunua kitu hiki, ning'inia nacho karibu na ardhi kwanza. Utajua mishipi inabana wapi, na utajua jinsi ilivyo vigumu kufikisha mguu kwenye kitanzi ukiwa hewani.

Na la bunduki nalo nililichukua. Wakwezi wote niliowaona tangu utotoni hupanda na panga kiunoni, limechomekwa nyuma kwenye mshipi. Mimi nikaanza kuliacha chini, limefungwa kamba, binamu hulifunga na mimi hulivuta nikishakaa.

Sasa Bamburi. Ilikuwa Mfunguo Mosi, mwezi wa harusi, na mwenye nyumba alitaka minazi ya uani isafishwe kwa sababu hema la akina mama lingesimamishwa chini yake. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, kusi linavuma kwa vipindi, shina limelowa upande mmoja. Niliukagua mnazi kwa chini: haujaegemea, mizizi iko sawa, vidato vya zamani ni vikavu ndani. Makuti makavu mawili yalikuwa yamelala, hayo sikuwa na nia ya kuyagusa. Mafundi wa hema walikuwa wameshashusha nguzo zao na nikawaomba wasogee mbali na mti. Wakasogea, ingawa si wote kwa kupenda.

Nilipanda vizuri. Kwa kukisia nilikuwa mita 12 juu. Nilifika shingoni, nikauzungusha mkanda wa pili, nikaukaza, nikauvuta mara mbili, nikafungua wa kwanza. Kisha nikachagua kuti la kushika. Kanuni ya wakwezi ni kushika kuti bichi, pale shinani kabisa kwenye upana wake, na kulipima kwa kulivuta kabla ya kulipa mwili. Nililichagua la kijani kibichi, nene. Nikalivuta, likakaa. Nikalipa uzito nusu, likakaa. Nikainua mguu kutoka kwenye kidato.

Sauti niliyoisikia ilikuwa ndogo, ya kitu kinachochanika ndani. Kuti likaja lote mikononi mwangu pamoja na ganda lake la chini, na ndani ya ganda nikaona tundu jeusi lenye upana wa kidole gumba, limejaa nyuzi zilizotafunwa na unyevu wa kahawia. Nililiona waziwazi kabisa, kwa sababu nilikuwa nimelishika mbele ya uso wangu tukienda chini pamoja.

Sikwenda mbali. Mkanda uliteleza kidogo juu ya shina, ukauma, ukakaa. Bega na mbavu za kushoto zikapiga mnazi, pumzi ikanitoka. Kuti likaendelea peke yake mpaka chini na likaangukia pale ambapo dakika chache zilizopita kulikuwa na nguzo za hema na vijana watatu.

Nilipopata pumzi nilijikuta nimeupa mnazi mgongo. Kamba inaunga nyuma, kwa hiyo mwili ulikuwa umegeuka ukatazama bahari, na vidato vilikuwa nyuma ya visigino vyangu. Hilo halikunitokea hata mara moja kwenye mnazi mfupi. Chini kelele zilikuwa nyingi. Mtu mmoja alipiga ukelele kwamba nisisogee kabisa, nitulie, wataleta ngazi. Alikuwa ananitakia mema. Lakini ngazi yao ya hema isingefika hata nusu ya mnazi ule, na kutulia ndiko mwamu alikonionya nako. Mapaja yalikuwa yameanza kuchoma, halafu guu la kulia likaanza kupotea, ganzi ikipanda kutoka nyayoni. Binamu alikuwa ndiye mtu pekee aliyejua la kusema. Alipaza sauti, "Kitanzi, kaka! Kitanzi!"

Nilikitoa kwenye mfuko wa kifua, nikakiunga kwenye pete ya hanesi, nikakiteremsha. Mguu wa kulia ulikataa kuingia kwa sababu sikuusikia uko wapi. Nikauingiza wa kushoto. Niliposimama juu yake, mishipi ya mapajani ikalegea, na ule uchungu wa damu kurudi, wenye sindano, ulikuwa uchungu mzuri kuliko wowote niliowahi kuusikia. Nikasimama na kuinama mpaka vidole vikanirudia. Kisha nikajisukuma kwa kiwiko, nikageuka, nikaukumbatia mnazi, nikatafuta kidato kwa kidole gumba cha mguu, nikakipata. Mkanda wa kwanza nikaurudisha shinani kabla sijagusa ule wa pili. Nikashuka kidato kwa kidato.

Nilikaa kitako chini na wakaniletea maji. Nilipelekwa zahanati, mbavu hazikuvunjika, zilichubuka na kuuma kwa wiki kadhaa. Kilichonitetemesha nilikiona pale chini kabla hatujaondoka: panga langu, limelala juu ya kumbi, kamba yake imefungwa na bado haijavutwa. Nilianguka nikigongesha mgongo na ubavu kwenye shina. Lingekuwa kiunoni, lingekuwa kati ya figo yangu na mnazi.

Niliwapigia simu wakwezi wawili watatu jioni ile ile kuwauliza kuhusu tundu. Wote walijua. Ni kazi ya chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayechimba kwenye shina la makuti machanga kutafuta moyo wa mnazi. Kuti alilolitoboa likiwa changa huendelea kukua, hufunguka, hukaa kijani, na tundu hubaki limefichwa ndani ya ganda. Linavumilia kuvutwa kwa mkono. Uzito wa mtu ni jambo jingine. Mdudu mwenyewe huzaliana kwenye magogo yaliyooza na chungu za samadi, na nyuma ya ukuta wa uwanja ule kulikuwa na gogo la mnazi lililoachwa lioze tangu lianguke, na samadi ya bustani kando yake.

Lakini chonga huacha alama inayoonekana kutoka chini, na hili ndilo nalisema kwa kila kijana anayetaka kukwea. Kuti alilolitoboa kabla halijafunguka likija kufunguka huwa na mapengo: vijani vyake vimekatwa kwa umbo la V, pande zote mbili, kwa mpango unaofanana. Upepo hauchani hivyo, na nyani hali hivyo. Ukiona V kwenye makuti ya juu, jua kuna matundu usiyoyaona, na mnazi huo usiushike kuti hata moja. Unaweza kubaki shingoni, umefungwa na shina, ukakata makole kwa panga la mpini mrefu. Kazi itachelewa. Mwenye nyumba akikataa, basi atafute mwingine, na mimi humwambia mbele yake sababu ni nini ili asiseme hakujua.

Na ndipo linapoingia lile la malipo. Anayelipwa kwa mti hukimbia. Kufunga mkanda wa pili kunachukua dakika, kuvuta panga kunachukua dakika, kuwaondoa watu chini kunachukua maneno. Katika asubuhi ya minazi 10, mkwezi aliyejifunga anarudi na hela kidogo kuliko asiyejifunga, na mteja anampenda yule mwingine. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu 2007, na hoteli huifuata kwa fundi wa umeme anayepanda mlingoti, lakini mkwezi anayeitwa kwa simu asubuhi hapewi hata kofia. Mimi sasa nalipwa kwa siku. Nimepoteza wateja, na waliobaki nimewaeleza wanachokilipia. Mmoja wao, mwenye nyumba ya wageni Shanzu, ameninunulia hanesi ya pili kwa ajili ya binamu, kwa sababu mtu wa chini anayeweza kupanda akamfikia mwenziwe anafaa kuliko kelele za uwanja mzima.

Harusi ya Bamburi ilifanyika, hema likawekwa upande wa pili wa nyumba. Mnazi ulikatwa baadaye, na kichwa chake kikachomwa pamoja na gogo la zamani ili chonga wasipate pa kutaga tena.

Ile hanesi ya mwamu sikuivaa tena. Aliniambia kabla sijamwuliza: hanesi iliyokwisha kudaka mtu ni ya kutupwa, hata ikionekana nzima, kwa sababu mishono yake imevutika ndani na haitadaka mara ya pili. Hata isiyodaka mtu, watengenezaji wengi wanataka itupwe ikifika miaka 5. Binamu alitaka kuihifadhi, akasema itafaa kwa kufungia mizigo. Tuliikata vipande kwa lile panga, kila mshipi mahali pawili, ili asije kijana akaiokota akadhani amepata.